MREJESHO: Binti aliyejua herufi zote ila kusoma hawezi

Wakuu nimerudi. Niliuliza kuhusu binti yangu wa miaka 5, herufi anazitaja zote ila ukimwambia aunganishe ba na ta anakutolea macho tu. Mkasema niweke kitabu pembeni tucheze na sauti kwa mdomo, basi kila jioni dakika 10 tunapiga makofi kwa silabi, mtu makofi mawili, m-tu, hiyo alishika haraka, ila mbuzi alikuwa anapiga matatu badala ya mawili, mbu-zi, na hapo tulikwama siku kadhaa aisee. Tukaja kwenye kubadilisha, paka toa pa weka ta, anajibu TAKA! Sasa hata kubadilisha sauti moja tu anaweza, kata toa k weka p inageuka pata. Juzi kasoma bata mwenyewe, machozi yalinitoka. P na b bado anachanganya. Asanteni sana.