Taa 600 za sola zimerudishwa na wateja, nizipeleke Nairobi kwa njia gani?

Duka_Kibuye: Wadau, habarini. Nauza kwa jumla hapa Kibuye, Kisumu. Maduka ya Siaya, Bondo na Homa Bay yamenirudishia taa 600 za sola, msambazaji yuko Nairobi. Basi la usiku au lori linalorudi tupu, ipi nafuu? Nijibuni haraka.

Fuso_Nakuru: Lori, na mwelewane bei kwa ujazo. Katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40 ni mita za ujazo 0.096. Ikiwa kila katoni ina taa 24, una katoni 25, jumla 2.4. Na dereva asikusingizie mzigo wako akikamatwa mzani wa magari wa Gilgil. Ekseli moja ya tairi nne mwisho ni tani 10, na mara nyingi uzito wa jumla hauna shida, ni shehena imesukumwa nyuma yote.

Mama_Stoo: Mambo ya mzani baadaye. Zimerudi kwa sababu gani? Iliyorudi kwa mteja kubadili nia inauzwa tena, ya kebo mbovu inatengenezwa hapo hapo Kisumu. Hizo hazina haja ya kufika Nairobi.

Duka_Kibuye: Hazishiki chaji. Naulizia usafiri tu. Gari dogo la Probox limeshazipeleka stendi ya basi zote kwa safari moja.

Mama_Stoo: Hazishiki chaji na betri ziko sawa, ama zimefura?

Duka_Kibuye: Kama 80 zimefura. Lakini hakuna iliyopasuka! Na nusu ya nauli nimeshalipa, siwezi kuitupa.

Kuli_Kondele: Abiria wa nyuma watapashwa joto bure mpaka Kericho.

Pasta_Vihiga: Watoto wanasomea taa hizo. Mrudishieni mteja pesa zake kwanza, baraka zitafuata.

Fundi_Kakamega: Betri ya lithiamu iliyofura ina gesi ndani. Ikibanwa, chanya na hasi huweza kugusana ndani ya seli, joto hujipandisha lenyewe na moto ukizimwa huweza kuwaka tena. Ndege haiibebi, hata ya mizigo. Basi la abiria usiliwaze. Zitenge zilizofura, ziba ncha za nyaya kwa selotepu, zilaze ndani ya mchanga mkavu kwenye pipa la chuma, nje, kivulini. Kifuniko kisikazwe, gesi ipate pa kutokea. Usichaji hata moja "kujaribu". Zilizobaki pima kwa mita ya volti. Nyingi za aina hii zina seli ya volti 3.2, na iliyoshuka chini ya 2 usiifufue. Kabla ya kuuzwa zilikaa wapi?

Duka_Kibuye: Darini, chini ya mabati, tangu mwaka jana. Lakini zilikuwa mpya kabisa, kwa boksi.

Fundi_Kakamega: Saketi hunyonya betri kidogo kidogo hata swichi ikiwa imezimwa, na joto la mabati huharakisha. Mteja akichaji seli iliyokauka chaji hivyo, huweza kufura. Taa zikiwa stoo huchajiwa kiasi kila baada ya miezi michache, na iliyotangulia kuingia ndiyo hutangulia kutoka.

Shahidi_Bungoma: Mimi siamini. Mita 2.4 za ujazo ndani ya Probox, na dereva amekaa wapi? Huyu ni mwanafunzi wa ugavi anatafutiwa majibu ya asainimenti.

Kuli_Kondele: Mpeni alama basi.

Duka_Kibuye: Si asainimenti! Nilitoa maboksi nikajaza taa kwa magunia 9 ndiyo ziingie.

Mama_Stoo: Heri ingekuwa asainimenti. Betri zilizofura zinasuguana na nzima, na kadi za waranti umezitoa pamoja na maboksi. Msambazaji hatapokea gunia. Andika kila taa: namba ya seriali, duka ilikotoka, tarehe ya kuuzwa, kasoro. Piga picha, mtumie orodha kabla ya mzigo, umwombe namba ya kibali cha kurudisha na kredit noti, yaani hati ya kupunguza deni lako. Pengine akubali kukulipa kwa picha tu. Zilizofura azifuate mwenyewe au akuelekeze kwa mchakataji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Sheria ya taka ya 2022 inambebesha mzalishaji mzigo huo.

Duka_Kibuye: Karani anasema nauli hairudi. Nikitoa gunia lenye zilizofura, mengine yaende?

Fundi_Kakamega: Unalijua ni lipi?

Duka_Kibuye: Zimechanganyika.

Fuso_Nakuru: Basi shusha yote 9.