Ushauri wenu: kitabu cha picha kuhusu mtoto wa Kichina Angel Island, 1923

Mhariri_Mdogo: Habari wakuu. Nahariri kitabu cha picha cha kurasa 32, kwa watoto wa miaka 6 hadi 9. Mvulana wa miaka 12 anatoka kijijini Taishan, Guangdong, anafika San Francisco mwaka 1923 kwa jina la familia nyingine, anazuiliwa Angel Island, kisiwa cha ghuba ya San Francisco chenye kituo cha uhamiaji, hadi ahojiwe. Babu yake alijenga reli ya kuvuka bara la Marekani. Mchoraji ameleta rasimu: meli inapita chini ya daraja jekundu, mvulana ana msuko mrefu mgongoni, mama anamuaga akiwa na gauni la hariri lililombana, askari mmoja anamfokea, babu ananing'inia kapuni akitega baruti. Kipi kibadilike kabla rangi haijaanza? Na habari ya jina la uongo, mtoto aelezwe vipi?

Kalamu_ya_Risasi: Mkuu, daraja lifutwe leo leo. Golden Gate lilifunguliwa 1937. Mwaka 1923 pale ni maji na vilima tu. Msuko nao uondoke: ulikuwa amri ya watawala wa Qing, na utawala huo ulianguka 1912. Mpe nywele fupi. Msuko ubaki kwa babu. Mama wa kijijini avae blauzi pana ya pamba na suruali. Gauni la kubana ni fasheni ya mijini iliyokuja kushamiri baadaye. Kama kuna bendera bandarini China, ni ya milia mitano ya rangi tano, siyo nyekundu yenye nyota. Hiyo ni ya 1949. Maandishi ya Kichina yawe ya herufi za zamani, kwa sababu zilizorahisishwa zilitoka miaka ya 1950. Mchoraji akinakili kutoka programu ya kutafsiri atakupa hizo mpya bila kujua. Jina la mvulana lianze na la ukoo, kwa tahajia ya Kikantoni ya nyaraka za wakati ule: Wong, siyo Huang.

Sasa chumba cha mahojiano, maana hapo ndipo kitabu chako kilipo. Ondoa askari. Chora maofisa wawili wa uhamiaji, karani wa hatimkato, mkalimani, na mtoto kitini. Kufoka hakukuhitajika, kilichotisha ni maswali yenyewe: nyumba yenu ina ngazi ngapi? Pipa la mchele linakaa wapi? Nani anaishi nyumba ya tatu, safu ya pili? Baba wa kwenye karatasi, yaani yule ambaye hati zinasema ni baba yake, aliulizwa hayo hayo kivyake, kisha majibu yakalinganishwa. Tumia kurasa mbili zinazotazamana: kushoto baba anajibu, kulia mtoto, na ngazi zipishane kwa moja. Msomaji wa miaka saba atagundua mwenyewe.

Bi_Maktaba: Naongeza la malazi. Watoto wa chini ya miaka 12 walikaa na mama zao. Wavulana wa 12 na kuendelea walipelekwa kwa wanaume. Kwa hiyo huyu wako alale bweni la wanaume, vitanda vya deka tatu kwenda juu. Mashairi yaliyochongwa ukutani yaonekane, ila asichonge yeye. Ni kazi ya watu wazima walioisoma fasihi ya kale. Na angalia umri: kwa hesabu ya Kichina mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja. Amua 12 yako ni ya hesabu ipi, maana hilo ndilo linaloamua bweni.

Reli_na_Mataruma: Kapu ni tatizo. Linapendwa sana, lakini wanahistoria wengi wanalitilia shaka kwa kukosa ushahidi wa wakati ule. Mchore babu handakini kwenye milima ya Sierra Nevada, futi 1,659 za mwamba, wakitoboa kwa nyundo na patasi na kulipua, hata kwa nitrogliserini. Au mgomo wa Juni 1867: maelfu waliweka zana chini wakidai mshahara sawa na wa wazungu, na saa chache za kazi, kampuni ikawakatia chakula. Na wakati wa babu wilaya yao iliitwa Xinning; jina Taishan ni la 1914.

Mhariri_Mdogo: Lakini kapu ndiyo picha nzuri kuliko zote! Nikiandika "inasemekana" je?

Reli_na_Mataruma: Mtoto hasomi "inasemekana", anaona kapu. Toa.

Bi_Maktaba: Kuhusu jina, usikwepe wala usimhukumu. Andika hivi: "Sheria ya 1882 iliwafungia mlango wafanyakazi wa Kichina. Ili aingie, alijifunza kuwa mtoto wa nyumba nyingine." Habari ya moto uliofuata tetemeko la San Francisco la 1906, ulioteketeza vyeti vya kuzaliwa hadi wengi wakaweza kudai wamezaliwa Marekani na hivyo kuleta watoto, ipeleke kwenye maelezo ya mwisho kwa wazazi. Huko huko weka kwamba sheria ilifutwa 1943, kwa nafasi 105 tu kwa mwaka. Ndani ya hadithi onyesha kijitabu cha majibu anachokariri melini, kisha anakitupa baharini kabla ya kutia nanga. Mchoraji akitaka vielelezo, majalada ya mahojiano yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, tawi la San Bruno, California. Mengine yana ramani za vijiji na picha za waombaji.