Florence Pugh na Waandishi wa Udaku: Tumechoka Kusimuliwa Magauni Badala ya Filamu

Wanajamvi, salaam.

Naanzisha uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kila ninapotafuta habari za Florence Pugh, mwigizaji wa Kiingereza aliyezaliwa Oxford mwaka 1996, naletewa gauni alilovaa, mwanamume aliyeachana naye, au mwongozaji anayesemekana kukosana naye. Kazi yenyewe, ambayo ndiyo iliyolifanya jina lake lifike masikioni mwetu, hutupiwa mstari mmoja chini kabisa ya habari, na mara nyingi mstari huo unaishia kumwita "nyota wa Marvel". Wanaoandika hivyo si wapita njia, bali ni watu wanaolipwa mshahara kuandika habari za filamu. Kwa hiyo nina haki ya kuuliza kama hizo filamu wanazitazama.

Chukueni mwanzo wa Septemba 2022. Tarehe 5, katika tamasha la Venice, ilioneshwa kwa mara ya kwanza Don't Worry Darling, filamu iliyoongozwa na Olivia Wilde. Pugh hakuhudhuria mkutano na waandishi wa habari kwa kuwa alikuwa safarini akitokea Budapest, ambako alikuwa akirekodi sehemu ya pili ya Dune. Alifika baadaye na kupita kwenye zulia jekundu kama wenzake. Kutokuwapo kwake mezani kulitosha kuwageuza waandishi wa burudani wa dunia nzima kuwa wapelelezi. Walihesabu nani amekaa kando ya nani, nani amekwepa macho ya nani, na watu wazima wenye akili timamu wakatumia siku kadhaa kurudiarudia kipande cha video ili wathibitishe kama Harry Styles alimtemea mate Chris Pine, wote wawili waigizaji wa filamu hiyo, jambo ambalo msemaji wa Pine mwenyewe alilikanusha.

Siku tatu tu kabla ya vurugu hiyo, kule kwenye tamasha la filamu la Telluride katika jimbo la Colorado, Marekani, mwigizaji huyohuyo alikuwa na filamu nyingine inayooneshwa kwa mara ya kwanza. Inaitwa The Wonder, imeongozwa na Sebastián Lelio wa Chile, na kwa maoni yangu hajawahi kufanya kazi kubwa kuliko hiyo. Anaigiza Lib Wright, muuguzi wa Kiingereza aliyehudumu katika vita vya Crimea, ambaye mwaka 1862 anaitwa kwenye kijiji kimoja cha Ireland, wakati makovu ya ile njaa kuu bado hayajapona, ili amchunge binti wa miaka 11 anayedaiwa kuishi miezi minne bila kula. Baraza la wanaume limekwisha kuamua linachotaka kusikia, kwa hiyo kazi ya muuguzi ni kutazama tu na kutoa taarifa. Mtazameni Pugh anavyokula katika filamu ile. Lib anakula kwa njaa ya kweli, bila madaha, katika nyumba na nchi ambamo chakula kimebeba dini na msiba, na kwa kule kula kwake tunamwelewa kabla hajaeleza lolote juu ya mtoto wake aliyefariki. Haya mambo hayatokei kwa bahati, ni ufundi. Niambieni ni makala ngapi mlizoziona zikiuzungumzia ufundi huo, mkilinganisha na makala za mate. Msimu wa tuzo ulipofika, Oscar hawakuitaja filamu hiyo hata mara moja, na BAFTA, yaani tuzo za filamu za Uingereza, ambao angalau waliiweka katika kundi la filamu bora za Uingereza, hawakumteua yeye kuwa mwigizaji bora wa kike.

Wapo watakaosema kuwa ndivyo umaarufu ulivyo, na kwamba anayeingia katika biashara ya sinema avumilie. Hoja hiyo naikataa, kwa sababu madhara yake tunayajua. Pugh mwenyewe amesimulia kwamba akiwa na miaka 19 alipata nafasi katika kipindi cha majaribio cha tamthilia ya Marekani, na wakubwa wa kazi wakaanza kumtaka abadilishe uzito wake, umbo la uso wake, hata nyusi zake. Tamthilia hiyo haikuendelea, naye akarudi Uingereza akiamini kwamba amechagua kazi isiyomfaa. Kilichomrudisha ni Lady Macbeth ya William Oldroyd, filamu ndogo mno kwa bajeti, iliyopigwa kaskazini mashariki mwa Uingereza na kutokana na hadithi ya Mrusi Nikolai Leskov. Humo ni Katherine, msichana aliyenunuliwa pamoja na kipande cha ardhi na kufungiwa katika nyumba ya mume asiyemtaka, naye anajifunza ukatili hadi anawapita waliomfundisha. Baba mkwe wake anakata roho nyuma ya mlango uliofungwa, huku yeye ameketi mezani, ametulia, akimzungumzisha mtumishi aliyejaa hofu. Mwaka 2017 tuzo za filamu huru za Uingereza zilimpa ushindi wa mwigizaji bora wa kike kwa kazi hiyo. Sasa fikirini: kama mawazo ya wale wakubwa kuhusu nyusi yangeshinda, tusingemwona Katherine. Na waandishi wanaoendelea kumpima mwili wake leo wanaifanya kazi ya wakubwa walewale, tena bila kuajiriwa nao.

Mwaka huo wa 2022, mwezi Julai, alihudhuria onesho la mavazi la Valentino mjini Rome akiwa na gauni la waridi linaloonesha mwili. Wanaume wasiomjua wakajaa kwenye ukurasa wake kumkosoa matiti. Aliwajibu kwa maneno yake mwenyewe, akiwauliza kwa nini matiti yanawaogopesha kiasi hicho, na jibu likawa habari kubwa kuliko filamu zake za mwaka huo. Ni sawa na kwenda kwenye harusi ukaishia kujadili kanga ya mpishi huku pilau likipoa.

Kwa upande wa runinga hali ni mbaya zaidi, maana huko wala hawajui kama alipita. Mwaka 2018 BBC ilionesha The Little Drummer Girl, sehemu sita zilizoongozwa na Park Chan-wook wa Korea Kusini kutokana na riwaya ya John le Carré. Pugh ni Charlie, mwigizaji wa jukwaani ambaye majasusi wa Israel wanamsajili mwaka 1979 ili aigize mapenzi na mtu ambaye hajawahi kukutana naye. Ni mwigizaji anayeigiza mwigizaji anayeigiza, na katika kila tabaka unaona kitu tofauti usoni. Alikuwa na miaka 22.

Tuje 2019, mwaka ambao ulipaswa kuumaliza mjadala. Katika Midsommar anabeba msiba wa familia nzima, na kile kilio chake cha mwanzoni bado sijaona wa kukilinganisha nacho. Katika Little Women ya Greta Gerwig anamchukua Amy, dada ambaye vizazi vya wasomaji vimemchukia, akamfanya awe na hoja. Pale Paris anapomweleza kijana Laurie kwamba kwa mwanamke asiye na mali ndoa ni suala la uchumi, anasema kwa ukavu wa mtu aliyekwisha kupiga hesabu. Oscar walimteua kwa Amy katika kundi la waigizaji wasaidizi, na hilo nalishukuru. Kwa Midsommar hawakumpa kitu, kwa sababu filamu za kutisha wanaziona kama watoto wa nje.

Nisieleweke vibaya kuhusu Marvel. Yelena Belova, mhusika anayemwigiza katika filamu zao za mashujaa tangu 2021, nampenda, na mtu aliyewabembeleza mabosi hadi wakamruhusu aruke mwenyewe kutoka jengo la Merdeka 118 mjini Kuala Lumpur kwa ajili ya Thunderbolts* ya mwaka 2025 anastahili heshima yake. Tatizo ni kumwanzishia historia hapo, kana kwamba kabla ya 2021 alikuwa amelala.

Hata alipofika kwa Christopher Nolan, katika Oppenheimer ya 2023, alipewa dakika chache kumwigiza Jean Tatlock, daktari wa akili na mwanachama wa chama cha kikomunisti, na amesema Nolan mwenyewe alimwomba radhi kwa udogo wa nafasi hiyo. Mjadala uliofuata haukuhusu Tatlock hata kidogo. Ulihusu gauni jeusi lililochorwa kwa kompyuta juu ya mwili wake ili filamu ioneshwe India na nchi kadhaa za Kiarabu.

Anayenipinga namkaribisha, ila aitazame kwanza The Wonder hadi mwisho, kisha ataje kati ya wale watano walioteuliwa na Oscar mwaka 2023 kuwa waigizaji bora wa kike ni nani aliyemzidi, na amzidi kwa kipi.