Bango la michango la Wikipedia: ni ombi au ni kitisho?

Mdadisi wa Mbagala
Ndugu zangu, mwaka unapokaribia kwisha, wasomaji wa Wikipedia walioko Uingereza, Marekani na nchi nyingine kadhaa hukutana na bango kubwa juu ya ukurasa linalowaambia kwamba ni asilimia 2 tu ya wasomaji wanaochangia, na kwamba kinachoombwa hakizidi bei ya kikombe cha kahawa. Shemeji yangu aliyeko huko alinitumia picha yake, na mtu akiisoma kwa haraka atadhani nyumba inakaribia kupigwa mnada.

Sasa tazameni hesabu zilizotangazwa na wenyewe. Wikimedia Foundation, shirika la San Francisco linaloendesha tovuti hiyo, lilipata takriban dola milioni 180 katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023, ilhali gharama ya kuiweka tovuti hewani ilikuwa dola milioni 3 na ushei. Juu ya hayo upo mfuko wa akiba ya kudumu ulioanzishwa mwaka 2016 kwa nia ya kufikisha dola milioni 100 katika miaka kumi, nao ulifika hapo mwaka 2021. Je, ni halali kwa mwenye ghala lililojaa kuomba kwa sauti ya mwenye njaa? Na nikipita tu niseme kwamba hata fedha hizo zikimwagwa huku kwetu sioni zingelipia nini, maana Wikipedia ya Kiswahili ni kata, kata, kata, kila moja na sentensi mbili na postikodi.

Karani Mstaafu
Bwana Mdadisi, umesoma mstari mmoja wa hesabu ukauruka ule mnene kuliko yote. Mishahara pekee ilizidi dola milioni 100 mwaka huohuo, kwa kuwa tovuti haijiendeshi: wapo wahandisi, wapo wanasheria, wapo wanaozuia wadukuzi. Kuipima Wikipedia kwa gharama ya seva, yaani kompyuta zinazoiweka tovuti hewani, ni sawa na kupima gharama za daladala kwa bei ya matairi, ukawasahau dereva, fundi, bima na faini za barabarani. Kama mishahara hiyo imezidi, tuijadili hiyo, ila tusijifanye kwamba shirika zima ni seva.

Nimekaa kwenye vitabu vya hesabu kwa miaka mingi, na shirika lisilo na akiba ndilo lililonitia hofu siku zote, si lenye nayo. Ninapokubaliana nawe ni mahali pamoja tu: mwenye akiba akiomba, na aseme kwamba anayo.

Kalamu ya Songea
Habari za dola nawaachia wenye elimu ya dola. Mimi nitajibu habari ya postikodi, kwa sababu baadhi ya makala hizo za kata nimeziandika kwa vidole hivi, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, usiku, kwa bando nililonunua mwenyewe.

Tanzania ina maelfu ya kata. Kabla ya kazi hiyo, mtoto wa shule aliyetafuta jina la kata yake kwa Kiswahili mtandaoni hakupata chochote, na leo anapata wilaya, mkoa, postikodi na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022. Ni kidogo, nakubali. Lakini aliyeandika sentensi mbili amemzidi kwa sentensi mbili aliyekaa Mbagala akihesabu sentensi za wenzake.

Mpwani Asiye na Mashua
Kaka Kalamu, usikasirike, ila chini ya kila makala hizo pameandikwa kwamba makala bado ni mbegu na kwamba msomaji anakaribishwa kuihariri. Nimeona mbegu zilizopandwa miaka zaidi ya kumi na tano iliyopita. Mbegu iliyokaa ardhini muda huo bila kuchipua, kule kwetu haiitwi mbegu tena, inaitwa kokoto.

Mnajivunia makala zaidi ya 70,000. Ondoeni kata, ondoeni mito ya Kenya na Uganda ambayo kila mmoja una sentensi moja, ondoeni watakatifu wa Kanisa, halafu mje tuhesabu upya.

Kalamu ya Songea
Na watakatifu wamekukosea nini wewe? Nyumba haianzi na pazia, Bwana Mpwani. Tangu Wikipedia ya Kiswahili ilipoanza mwaka 2003, wanaoandika humo mara kwa mara wamekuwa wachache mno, na wote ni wa kujitolea. Mwishoni mwa mwaka 2009 Google walidhamini shindano la kuandika makala za Kiswahili, zawadi zikiwa kompyuta na simu. Wanafunzi wa vyuo walimiminika, makala zikapanda, zawadi zikagawiwa, na wengi wao hawakuonekana tena. Waliobaki kufagia ni hao hao wakabidhi (wasimamizi wa tovuti) wachache wasiopewa hata simu. Kwa hiyo anayetaka kucheka mbegu aje kwanza na jembe lake.

Mswahili wa Leicester
Mimi ni mmoja wa wanaoliona bango hilo huku, na nimechukizwa na dhana ya Mdadisi kwamba anayechangia ametishwa. Natoa pauni 2 kila mwezi na akili zangu ni timamu. Natoa kwa sababu sitaki kusoma habari za kisukari nikiwa nimezungukwa na matangazo ya dawa za kisukari. Kumbukeni kwamba zamani lilipozuka wazo la kuweka matangazo, wahariri wa Kireno, kama sikosei, waligoma wakaondoka na kuanzisha ensaiklopidia yao.

Mwalimu wa Zamu
Walikuwa wa Kihispania, ndugu yangu, mwaka 2002, na waliyoianzisha waliiita Enciclopedia Libre. Kisa chako ni cha kweli, na mwaka huohuo Wikipedia ilihama anwani ya kibiashara ya .com ikahamia ya .org, matangazo yasiwekwe hadi leo.

Lakini kisa hichohicho kinakurudi, kwa maana wahariri wana historia ya kukataa wasichokipenda. Novemba 2022 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walijadili maneno ya mabango ya mwaka huo na wengi wao wakasema yanapotosha.

Mpwani Asiye na Mashua
Walipiga kura mabango yafutwe kabisa, nakumbuka.

Mwalimu wa Zamu
Hukumbuki vizuri. Hawakukataa kuomba, walikataa namna ya kuomba: sauti ya dharura, na ile hali ya kumfanya msomaji aone aibu kwa kuwa hajatoa. Shirika nalo lilibadilisha maneno, na baada ya hapo likaanza kuwashirikisha wahariri katika kuyaandika. Anayetetea maneno ya zamani kwa hoja kwamba Wikipedia ni kitu chema anawatetea wenye Wikipedia dhidi ya walioiandika.

Mswahili wa Leicester
Mwalimu, sikutetea maneno, nilitetea pauni zangu 2.

Karani Mstaafu
Naona tumefika kwenye akili timamu ya mtu mmoja na mbegu za mwingine. Naomba kuuliza jambo ambalo bango halilisemi. Injini za kutafuta na hizi programu za akili mnemba zinachota makala za Wikipedia kwa mkupuo, kisha humpa msomaji jibu bila yeye kufika kwenye ukurasa wenyewe. Asiyefika kwenye ukurasa halioni bango. Shirika lilifungua huduma ya kulipia kwa makampuni makubwa mwaka 2021, na Google walitajwa mwaka uliofuata kuwa miongoni mwa wateja wa kwanza, lakini mapato yake bado ni sehemu ndogo ukilinganisha na michango ya wasomaji. Hapo ndipo ningetaka kuona bango lenye ukali, limebandikwa mlangoni pa kampuni, na mwenye pauni 2 aachwe asome.

Mdadisi wa Mbagala
Mzee Karani, hapo umenifunga. Lakini mwaka 2025 mkutano wao mkuu wa dunia ulifanyika Nairobi, na shirika hutoa ruzuku kwa makundi ya wahariri wa nchi mbalimbali. Kwa nini basi Kalamu alalamike bando? Fedha za bango zinafika au hazifiki?

Kalamu ya Songea
Sijalalamika, nimeeleza. Ruzuku zipo, na hulipia warsha, ukumbi, chai na bando la siku ya warsha. Ila makala haiandikwi siku ya warsha, inaandikwa Jumanne moja usiku baada ya kazi.

Mpwani Asiye na Mashua
Basi sema wazi kwamba unataka ulipwe kwa makala. Tutakuwa na kata za mikoa yote hadi za mwezini.

Kalamu ya Songea
Nikilipwa kwa makala nitaandika sentensi moja badala ya mbili, kama ilivyotokea enzi za zawadi, na wewe utakuwa na kokoto zaidi za kuhesabu. Ninachotaka ni bando na haki ya kutoitwa ombaomba wala kokoto. Halafu nikuulize, wewe ni wa kata gani?

Mpwani Asiye na Mashua
Sikuambii. Ila nimeisoma makala yake jana kwa sababu yako, na haisemi lolote juu ya kisima cha zamani ambacho ndicho kilichoipa kata hiyo jina.

Kalamu ya Songea
Bonyeza "hariri" uandike, kisha utaje chanzo.

Mpwani Asiye na Mashua
Chanzo ni bibi yangu mzaa mama.

Kalamu ya Songea
Mpe shikamoo zangu nyingi, ila bibi hajachapishwa. Nitafutie kitabu, gazeti au hata ripoti ya maji ya wilaya.

Mwalimu wa Zamu
Ofisi yetu ya maktaba ina makabrasha ya zamani ya wilaya kadhaa za pwani. Nitajie wilaya tu, usitaje kata, nami nitaangalia Jumatatu.

Mdadisi wa Mbagala
Na bango langu?

Karani Mstaafu
Bango litarudi lenyewe mwishoni mwa mwaka, mwanangu. Kwa sasa tunatafuta kisima.