Mazombi wakitinga Mtwara tukimbilie wapi? Kisiwani, Newala, majabali ya Masasi au ghala la korosho (ulinganisho)

Kijana_wa_Shangani:
Wakuu habari za jioni. Naomba tuijadili hii kitu kwa umakini maana nimekaa nimewaza naona huku kusini hatuna mpango wowote. Siku watu wakianza kuumana Kariakoo kila mtu atataka kurudi kwao, na kwao wengine ndo huku, sasa akipanda basi mmoja tu ameshang'atwa mkono kaufunga leso anasema amejikata na kisu, mpaka linafika Nangurukuru basi zima limeshageuka. Wenzetu walishajipanga zamani, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, Mei 2011 ilitoa kabisa maelekezo ya kujiandaa na mazombi, nia yao watu wajiandae na vimbunga na matetemeko maana vitu ni vilevile, maji, chakula, dawa, vyeti, na sehemu mliyokubaliana kukutana. Jeshi lao nalo likaandika mpango wa mafunzo unaitwa CONPLAN 8888, adui ni zombi. Sisi je?

Na tuelewane, siongelei msukule wa kulimishwa shamba usiku, huyo ana mwenyewe. Naongelea anayeuma.

Kwetu tupo 8, kuna bibi ambaye hatembei mbali, kuna mtoto mchanga na mbuzi. Nimefikiria sehemu nne: kuvuka maji (Msangamkuu au hata Kilwa Kisiwani), kupanda Newala, kupanda majabali ya Masasi, au kujifungia ghala la korosho. Leteni hoja, msinijibu kishabiki.

Nahodha_Msangamkuu:
Hapa hakuna mjadala mdogo wangu, ni maji tu. Mwenye mashua ana nyumba inayotembea. Mazombi wakija huku tunasogea kule, samaki wapo, chumvi ipo, na kama ni msimu wa upepo wa kusi unatweka tanga unapanda nao kaskazini bila hata tone la mafuta. Zombi hajui kuogelea, hajui kupiga kasia, hata nauli ya kivuko hana.

Nyongeza kwa watu wa bara mtakaotufuata: mkiona bunju kwenye nyavu msimguse, nawajua nyie na njaa. Kuna mtafiti anaitwa Wade Davis miaka ya 1980 alidai unga wa kutengenezea mazombi kule Haiti una sumu ya samaki wa aina hiyo, wenzake wakampinga, lakini kwamba bunju anaua hapo hapingi mtu. Sasa ukimla ukapooza midomo na miguu sisi tutadhani umegeuka, utapigwa mpini wa kichwa wakati ulikuwa mgonjwa tu.

Mzee_wa_Masoko:
Vijana hamjambo. Nahodha nakuheshimu ila Kilwa Kisiwani usiwapeleke watu kichwakichwa, hilo jambo lilishajaribiwa. Mtawa wa Kireno João dos Santos aliandika kwamba mwaka 1587 Wazimba, ambao anawaeleza kuwa walikuwa wanakula watu, walifika ng'ambo ya Kilwa wakakaa wanakitazama kisiwa hawana la kufanya. Kilichowavusha ni mwenyeji mmoja aliyeenda kuwaonyesha pa kupita maji yakiwa yamekupwa. Usiku wakaingia. Anasema waliouawa na kuliwa ni kama 3,000, hiyo namba mimi naichukulia ni ya mwandishi wa zamani, lakini tukio lenyewe lifikirieni. Kisiwa hakikushindwa kwa sababu ya adui, kilishindwa kwa kupwa na kwa mtu wa ndani.

Kwa hiyo swali la kwanza la kisiwa chochote ni je siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakitoka unaweza kutembea kwa miguu mpaka wapi? Zombi hana haraka, atasubiri bamvua bila kujua kama anasubiri.

Kijana_wa_Shangani:
Shikamoo mzee. Hii ya 1587 sikuwahi kuisikia na imenitoa jasho.

Mpenda_Fizikia:
Naongezea kwa mzee. Zombi hapumui, kwa hiyo hata yakijaa anaweza kutembea chini chini kwenye mchanga. Tusiseme tu hajui kuogelea.

Kuna utafiti, 2015 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwaachia mazombi wa kwenye kompyuta ramani nzima ya Marekani, miji ikaanguka haraka ila milima ya Rocky ikachukua muda mrefu sana kufikiwa, sababu kubwa ni watu wachache. Zombi anaongezeka kwa kuuma, asipokuta mtu wa kumuuma haongezeki. Na kabla yao 2009 watu wa hisabati kule Kanada walipiga hesabu wakaona kutenga wagonjwa kunachelewesha tu, kinachofanya kazi ni kuwapiga mapema, kwa nguvu, na kurudia. Hivyo kwenye ulinganisho wako mkuu ongeza kipimo cha idadi ya watu. Shangani, Chikongola, Magomeni huko kote ondoka siku ya kwanza.

Nahodha_Msangamkuu:
Atembee chini ya mlango wa bandari ya Mtwara? Kina chake unakijua wewe? Meli kubwa zinaingia pale. Na mkondo wa maji yakitoka unambeba mtu mzima mwenye akili, sembuse maiti. Akipona mkondo kuna matumbawe, akipona matumbawe kuna papa. Mimi nabaki kwenye mashua.

Binti_wa_Tandahimba:
Samahanini jamani naomba nichangie dada yenu. Wamakonde walipanda ule uwanda wa Makonde huku Newala sio kwa ajili ya upepo, walikuwa wanakwepa wawindaji wa watumwa, na kilichowalinda ni kichaka. Kile kichaka cha asili sio msitu wa kutembea unapiga mluzi, kimesukana, ukikosa njia unabaki umening'inia kwa shati, na njia za vijiji zilikuwa nyembamba mtu anapita mmojammoja. Sasa zombi anakuja anasukuma tu kwa kifua, atakwama na atakaa amekwama mpaka umfuate kwa panga. Mkiniuliza mimi hiyo ndo boma bora kuliko ukuta wa tofali.

Chakula usiseme. Muhogo upo ardhini unautoa unapoutaka, makopa yanakaa muda mrefu ukiyawahi kabla ya dumuzi, kisamvu kipo, mbaazi, njugu mawe, na kiangazi mnaingia porini kuchimba ming'oko ambayo hailimwi na mtu wala haiombi mbolea. Panya buku nao wapo kwa wanaojua. Mjini mtakuwa mnagombania tambi dukani.

Mmakua_wa_Masasi:
Dada uko sahihi ila umeruka maji makusudi 😂 Newala na Tandahimba maji ndo kilio cha miaka yote. Mradi wa maji wa Makonde unayatoa chini Mitema huko Kitangari yanasukumwa kwa pampu kupanda juu, sasa umeme ukikata siku ya pili nani anasukuma? Mtarudi enzi za bibi zetu za kushuka bondeni na ndoo, na bondeni ndo walipo.

Njooni Masasi. Yale majabali yamesimama wima, upande mmoja una njia upande mwingine hata mbuzi anafikiria mara mbili. Zombi magoti yameshakakamaa hawezi kukwea. Mkikaa juu mnaona barabara ya Tunduru, ya Newala na ya Lindi zote.

Binti_wa_Tandahimba:
Sijaruka kaka, nilikuwa nafika. Na juu ya jabali lako maji yapo wapi? Mvua ikinyesha Januari sawa mtakinga, Septemba mtalamba jiwe? Jua la Masasi juu ya jiwe na mtoto mchanga wa huyu kijana?

Nesi_Mstaafu:
Binti kauliza swali langu. Wanangu hesabu ya maji ni hii, chini kabisa lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, kunywa na usafi kidogo. Watu 8 kwa wiki mbili ni lita 448, yaani madumu 23 ya lita 20. Bado mbuzi. Madumu 23 hayapandi jabali mgongoni mwa mtu, wala hayaingii kwenye mashua ndogo ikabaki salama na bibi ndani. Kwa hiyo msichague sehemu kwanza halafu mtafute maji, chagueni maji halafu mtafute pa kulala karibu yake.

La pili, naona kuna mtu atashauri nipa (gongo) kwa vidonda, hapana. Ukiumwa, iwe na mbwa mwenye kichaa iwe na hao mnaowasema, kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 bila kupumzika halafu unakimbizwa kituo cha afya kupata chanjo. Hiyo ni ya kichaa cha mbwa na ni ya leo hii, hata mazombi wasipokuja. Msipake majivu, wala tumbaku, wala oili chafu. Na sabuni iwekwe kwenye begi la kila mtu sio moja la familia nzima.

Karani_wa_Ghala:
Nitetee ghala kidogo. Kuanzia Oktoba msimu ukifunguliwa maghala yanajaa magunia, ukuta mnene, mlango wa chuma, madirisha yako juu, paa bati. Korosho ghafi ikikaushwa vizuri inakaa muda mrefu. Wa kubangua wawepo tu na wapake mafuta mikononi, ile oili ya ganda inababua ngozi. Kuna jamaa kanambia tuwamwagie hiyo oili mazombi, nikamwambia hawasikii maumivu utapoteza tu nguvu, afadhali maganda tuyatumie kuwasha moto maana yanawaka vibaya sana.

Kasoro naisema mwenyewe, mwezi wa tano ghala halina kitu zaidi ya panya, na mlango ni mmoja. Wakishajikusanya nje umekwisha.

Dereva_Kusini:
Mimi naona mnafikiria kifamilia, fikirieni kimkoa. Kaskazini kuna Rufiji, lile Daraja la Mkapa la 2003 lina mita 970, ukiweka malori mawili ya simenti kwa ubavu hapiti mtu. Kusini kuna Ruvuma na Daraja la Umoja pale Mtambaswala la 2010. Mashariki bahari. Na kufungika inawezekana, Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakakaa, kusini tukawa kama kisiwa bila kupanga.

Mmakua_wa_Masasi:
Na Tunduru? Ile lami ya kutoka Songea utaifunga na nini? Halafu kiangazi Ruvuma inapungua watu wanavuka kwa miguu kwenye michanga, mamba ndo askari pekee aliyebaki.

Dereva_Kusini:
Tunduru kweli sina jibu. Nitalifikiria.

Kijana_wa_Shangani:
Wakuu nimewasoma wote, mama nesi amenibadilishia uzi mzima. Nimepanga upya nikianza na maji. Kisiwa nimekitoa kwa ajili ya bibi, maana kumpandisha na kumshusha kila bamvua sitaweza, ila nahodha naomba nafasi ya akiba. Jabali ni la kulinda tu sio la kuishi. Ghala ni la kuchukulia chakula msimu ukiwepo.

Ninakoelekea ni Ndanda. Pale chini ya mwinuko wa uwanda wa Makonde kuna chemchemi zinatoka zenyewe hazisubiri pampu, hospitali ya misheni ipo, na nyuma ni mlima ambao ukizidiwa unapandisha kwenye vichaka vya dada Binti. Sitakaa barabarani ile ya kwenda Masasi maana ndo watakayopita, nitaingia ndani upande wa mlimani. Madumu naanza kununua mwisho wa mwezi, moja moja, na vyeti vyote nimeviweka kwenye mfuko wa nailoni jana.

Binti_wa_Tandahimba:
Hapo umefikiri. Mje na chumvi ya Mikindani ya kutosha, huku juu tutawapa makopa na mbegu ya muhogo. Mbuzi mfundisheni kunyamaza, anatangaza.

Nesi_Mstaafu:
Na bibi ameulizwa?

Kijana_wa_Shangani:
Ameulizwa mama. Amesema haondoki mpaka mabibo yaishe, sasa nahesabu waje Januari.