Sindano ya ganzi ya mkono: ya spaino geji 22, ya ncha fupi, au ile ya kung'aa kwenye ultrasaundi?

mtu_wa_thieta
Wakuu habari za zamu. Niko hospitali ya wilaya, ultrasaundi tumeipata juzi juzi na mimi ndo nimeanza kupiga bloku za mkono (ganzi inayomwagwa kando ya neva), za kwapani na za juu ya mtulinga, maana mivunjiko ya bodaboda haiishi. Shida ni sindano. Stoo wamenipa za spaino, yaani za ganzi ya mgongo, aina ya Quincke geji 22 milimita 90, eti sindano ni sindano. Nimeomba za bloku zenyewe, sasa bosi anauliza tununue ya ncha fupi ya kawaida milimita 50 au ile ya kung'aa ambayo bei yake imemtoa jasho. Nyie mnatumia ipi?

mzee wa ketamini
Mimi kwapani napiga na sindano ya kawaida tu geji 23. Ateri naitafuta kwa kidole, naichoma, nikipita ng'ambo damu ikikata namwaga nusu ya dawa nyuma, narudi mbele namwaga iliyobaki. Mkono unalala. Mashine ya nini

Dada Ganzi
Mzee shikamoo, ila mkono kulala hakukuambii umechoma nini njiani 😅 na ile neva ya misuli na ngozi (musculocutaneous) inayopita pembeni si ndo inakubakia macho kila mara?

Mtoa mada, tatizo la Quincke ni ncha. Imechongwa mlazo mrefu, kali, inapita fashia (utando unaofunika misuli) bila kukupa ule mguso wa "tap" mkononi, na neva nayo inaipita hivyo hivyo. Selander na wenzake mwaka 1977 walichoma neva za sungura, ncha ya nyuzi 14 na ya nyuzi 45, hii ya 45, ndo ncha fupi, ikajeruhi mafungu ya neva mara chache zaidi, ndo maana wote tunafundishwa ncha fupi. Halafu urefu sasa. Mtu mwembamba neva za juu ya mtulinga ziko sentimita moja mbili chini ya ngozi, wewe umeshika fimbo ya sentimita tisa, zaidi ya nusu iko hewani inacheza na pafu liko hapo hapo pembeni ya ubavu wa kwanza. Hapo sikubali hata unilipe. Kwapani nikikosa kabisa ningeitumia, kwa shingo upande.

registra_asiyelala
Dada umesema nusu. Rice na McMahon 1992, panya: ncha fupi IKISHAINGIA ndani ya fungu inaumiza vibaya zaidi na kupona kunachelewa, kuliko ndefu iliyoingia sambamba na nyuzi za neva. Kwahiyo mtu asijione salama kisa ameshika ncha fupi. Huioni ncha kwenye skrini, usisukume. Dawa inagoma kuingia au mgonjwa anaruka, acha, rudi nyuma.

mtu_wa_thieta
Sawa nimewaelewa, na hiyo ya kung'aa je?

bloku_pwani
Sisi huku Mombasa tuko nazo zote mbili. Ya kung'aa ina vijishimo vimechongwa kwa chuma ili mawimbi yarudi kwa probu, kile kichwa cha ultrasaundi unachoweka kwa ngozi, hata ukiingia kwa mwinamo mkali. Sasa angalia bloku zako: kwapani na juu ya mtulinga unaingia karibu kulala sambamba na probu, hapo ya kawaida inaonekana vizuri tu. Faida yake utaiona chini ya mtulinga, ambapo unashuka kwa nyuzi 45 na zaidi na ya kawaida inapotea kabisa, na hapo pia utataka milimita 80 ama 100. Kama hupigi hiyo, pesa weka kwa probu na jeli.

Kitu kingine hakuna mtu alituambia. Angalia kiungio, pale sirinji inapoingia!! Tuliletewa boksi zima la sindano zenye kichwa cha njano, zile za mtindo mpya wa NRFit, asubuhi mgonjwa ako mezani, sirinji ya kawaida haiingii hata kwa dua. Zimetengenezwa makusudi zisikubali, ndio dawa ya drip isiingizwe kwa mgongo wa mtu. Ni wazo zuri sana, lakini lazima uwe na sirinji zake.

mzee wa ketamini
Hiyo ya njano imenichekesha. Na ncha fupi kijana toboa ngozi kwanza na geji 18, la sivyo utasukuma mpaka uchomokee upande wa pili

Dada Ganzi
Kweli kabisa hiyo. Na uchukue zenye kimpira chake (kimrija cha kupitisha dawa), mwenzako asukume dawa wewe mkono usitoke kwenye sindano.

mtu_wa_thieta
Basi naandika geji 22, ncha fupi, milimita 50, yenye kimpira, kiungio cha kawaida. Za spaino nazirudisha stoo leo leo kabla hawajafunga.