Tupeane uzoefu: straipa kwa rodi ya maji matamu na rodi ya chumvi, alikula vipi na ulimtoaje?

Mtu wa Pangani:
Wakuu habari za jioni. Najua humu tuko wengi tunaoishi Marekani, wengine huku mashariki na wengine Texas, na wengi mmeshakutana na straipa (striped bass), yule samaki mwenye mistari myeusi saba au nane inayotoka kichwani mpaka mkiani. Picha za mtu kashika samaki tumeziona sana. Mimi nataka tuongelee ile sehemu ya katikati, alikula vipi, ndoano ilishika wapi, na ulimtoaje kwa vifaa ulivyokuwa navyo, viwe vya mtoni au vya baharini.

Naanza mimi. Niko Massachusetts, karibu na mto Merrimack. Mto huu una raha yake maana kila mwezi wa tano straipa wanaingia kutoka baharini pale Newburyport wakifuata samaki wadogo wanaopanda kutaga, wanakwenda nao mpaka kwenye bwawa la Lawrence, hapo ukuta unawasimamisha. Samaki ni yule yule, ila Lawrence unamvua kwenye maji matamu na mlangoni mwa mto unamvua kwenye chumvi.

Lawrence nabeba rodi ya futi saba, rili (kile kikunjio cha uzi) saizi 3000, uzi wa kusuka unaohimili paundi 15, mbele nafunga flurokaboni, ule uzi mgumu usioonekana sana majini, paundi 20. Chambo ni samaki wa mpira mweupe, mrefu kama inchi tano. Natupa juu ya mkondo naacha maji yambebe, uzi umenyooka lakini sivuti. Straipa akila hapo husikii kudonoa kama changu. Uzi unasimama, halafu rodi inalala. Hana meno ya kukata uzi ila mdomo wake unakwaruza kama msasa, kwa hiyo kila nikitoa samaki napitisha vidole kwenye ile flurokaboni, nikikuta imechubuka nakata nafunga upya hapo hapo hata kama samaki bado wanarukaruka mbele yangu.

Kazi iko kwenye mbio za kwanza. Anageuka na mkondo anashuka nao, na wewe una uzi mwembamba. Dregi yangu (ile breki ya rili) naiweka kwenye paundi nne, naipima nyumbani kwa mizani ya mkono, sikisii kwa vidole. Akichukua uzi namwachia, rodi juu, wala sizungushi mkono wa rili maana uzi utajisokota bure. Akisimama tu nalaza rodi upande wa nchi kavu namvuta kwa ubavu, kichwa kikigeuka mwili wote unafuata. Ukimvuta kwa juu anakaa kwenye mkondo kakukunjulia ubavu mtabaki mnaangaliana. Natembea naye kwa chini kandokando ya mawe mpaka tupate maji yaliyotulia. Haya, wengine mje.

Mlamu wa Lowell:
Assalam alaykum ndugu zangu. Mimi hiyo rodi ya futi saba naiheshimu lakini njoo nayo mfereji wa Cape Cod uone. Pale maji yamebanwa kwenye upana wa futi 480 hivi na mkondo unapita kama maili tano kwa saa, na siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ndipo samaki wanapochemka. Watu wanakuja na baiskeli alfajiri wanafuata samaki kandokando ya mfereji, rodi imefungwa kwenye fremu.

Mimi natumia rodi ya futi kumi na moja, uzi wa kusuka paundi 50, flurokaboni paundi 60 na chambo bandia cha wakia nne ili kifike katikati na kizame. Sababu ya uzito wote huo ni mawe. Kingo zote za mfereji ni mawe makubwa yenye mwani, samaki akikaribia kando anajua kabisa pa kuingia. Kwa hiyo huku hakuna kumwachia sana. Anakimbia mara ya kwanza, sawa, mkondo unamsaidia, lakini akielekea kwenye mawe unakaza na kumnyima uzi.

Nilimpata mmoja giza halijaisha, alikula chambo kikiwa kinashuka, nikahisi uzi umelegea ghafla badala ya kukaza. Hapo ndipo pa kushtuka, uzi ukilegea kabla ya wakati wake kuna mtu kakibeba. Nikazungusha haraka mpaka nikamgusa, nikapiga. Wallahi aliondoka nikasikia rili inalia tu. Nilimkuta chini ya inchi 40 kidogo, nikamrudisha, maana tangu 2023 baharini huku ruhusa ni inchi 28 mpaka 31, mmoja kwa siku.

Dada wa Mwanza:
Shikamooni wakubwa. Mimi nimekulia kwenye sangara na sasa niko Maryland, Chesapeake Bay, ambapo straipa wengi wa pwani hii wanazaliwa. Ninachotaka kuongeza ni joto, na kaka wa Pangani naomba unisikilize vizuri hapa. Samaki akipiganwa muda mrefu kwenye maji ya moto yasiyo na chumvi nyingi anaondoka anaogelea vizuri mbele yako halafu anakufa baadaye hukumuona. Kwa hiyo uzi mwembamba na dregi laini ni tamu mwezi wa tano, mwezi wa saba unaua.

Huku serikali inatoa bendera za rangi kila kiangazi, ikitabiriwa joto la hewa nyuzi 95 za kwao za Farenhaiti (35 zetu) au zaidi ni nyekundu, maana yake straipa mwache kabisa siku hiyo. Naifuata na sioni shida. Uvuvi wake ulifungwa hapa Maryland 1985 mpaka 1990 kwa sababu waliisha, na miaka hii ya karibuni makinda yamekuwa machache tena. Inaniuma sana nikiona mtu kamwinua samaki kwenye jua anatafuta simu ya kupigia picha.

Kuvua kwangu ni kwenye nguzo za Bay Bridge, risasi yenye ndoano na mkia wa mpira, naiacha ishuke kandokando ya nguzo. Wanakula ikishuka. Nimehama uzi wa paundi 15 nikaja 30 na rodi ngumu kidogo, namgeuza mapema kabla hajaizunguka nguzo, anafika botini bado ana nguvu na anarudi na nguvu.

Mwana Uvira:
Jambo bandugu. Miye niko karibu na Dallas, tunavuaka Texoma, ile ziwa ya bwawa la Denison la 1944. Straipa waliwekwa kule na wakazaa wenyewe sababu mto Red River uko na chumvi kidogo na maji yanatembea. Kule hakuna mukubwa kama ya bahari lakini wako wengi, sheria inakubali kumi kwa siku, wawili tu wa inchi 20 na kupita. Asubuhi unaangalia ndege. Kama wanaanguka kwa maji, straipa wako chini wanasukuma samaki kidogo juu. Tunatia chambo hai kwa ndoano ya duara, na ile ndoano haupigi! Anakamata, anaenda, unazungusha pole pole tu, inajikamata yenyewe kwa pembe ya mudomo. Miye nilizoea kupiga kwa nguvu tangu Tanganyika, hapa ukipiga inatoka.

Mgeni_NJ:
Wakuu nina hela ya rodi moja tu, nichukue ipi ya kufaa mtoni na baharini?

Mtu wa Pangani:
Dada wa Mwanza umeongea, mwisho wa mwezi wa sita mimi Lawrence naacha naenda mlangoni kwenye maji ya chumvi yaliyopoa. Mgeni, chukua futi saba na nusu au nane, ya nguvu ya kati kwenda juu, rili saizi 4000 iliyozibwa vizuri, uzi wa kusuka paundi 30. Mawe ya mfereji haitayaweza lakini mtoni, ufukweni na botini utavua. Ukitoka kwenye chumvi osha rili kwa maji ya bomba taratibu, dregi ikiwa imekazwa, usitumie maji ya presha maana yanasukuma chumvi kwenye beringi. Mwana Uvira, hizo ndoano za duara saizi gani?

Mwana Uvira:
2/0, chambo ikiwa mukubwa 4/0.